Nissan Leaf ya mtumba kwa safari ya kila siku, Kitengela hadi Upper Hill: ninunue ipi?

Mpangaji wa Kitengela

Wanajukwaa, hamjambo. Naomba ushauri wa watu wanaoendesha magari ya umeme hapa Nairobi, wala si wa wauzaji, kwa kuwa wauzaji nimeshawasikiliza vya kutosha.

Ninaishi Kitengela katika nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu, na ofisi yangu iko Upper Hill. Kwenda na kurudi ni takriban kilomita 68, Jumatatu hadi Ijumaa, na mwisho wa juma gari hutoka kwa ajili ya ibada na sokoni tu. Nililo nalo sasa ni la petroli, linakwenda kama kilomita 12 kwa lita katika foleni ya Mombasa Road, na gharama ya mafuta imefika mahali inaposhindana na kodi ya nyumba. Sacco yetu imekubali kunikopesha, kwa hiyo nimebaki na magari mawili ya kuchagua.

La kwanza ni Nissan Leaf ya mwaka 2014 yenye betri ya kilowati-saa 24, ambayo tayari ina namba za Kenya na imekuwa ikiendeshwa papa hapa mjini. Mwenyewe anadai kwamba hutembea kilomita 150 kwa chaji moja, ingawa nilipoketi ndani niliona mistari 9 tu kati ya ile 12 midogo iliyo pembeni mwa geji ya betri. La pili ni Leaf ya mwaka 2019, kilowati-saa 40, ambayo bado iko Japani. Tangazo lake linasema kilomita 400, na gharama yake hadi ifike Nairobi inakaribia mara mbili ya ile ya kwanza.

Je, hiyo ya bei nafuu inaweza kunitosha kwa miaka minne hivi, hadi nimalize mkopo? Mtu anayeishi katika ploti ya kupanga huchaji wapi, ikiwa egesho liko chini na tokeni zake ziko juu? Na je, akiba ninayoitarajia ni ya kweli, au nitahamisha tu fedha kutoka kituo cha mafuta hadi Kenya Power?

Mama Pendo, Ruiru

Ndugu yangu, mimi huendesha Leaf ya kilowati-saa 40 kutoka Ruiru hadi mjini, na jambo la kwanza ninalokuomba ni usahau namba zote mbili ulizotajiwa. Kilomita 400 ni matokeo ya kipimo cha zamani cha Kijapani kiitwacho JC08, ambacho hufanyiwa maabara kwa mwendo wa upole usiofanana na maisha ya dereva yeyote. Gari hilo hilo lilipopimwa na EPA, shirika la mazingira la Marekani, lilipewa kilomita 243, na hiyo ndiyo namba inayokaribiana na barabara zetu gari likiwa jipya. Leaf ya 2014 ilipewa takriban kilomita 135 siku ilipotoka kiwandani, kwa hiyo anayekuahidi 150 leo anakuuzia gari ambalo Nissan wenyewe hawakuwahi kulitengeneza.

Sasa tazama ile mistari 9 uliyoiona, kwa maana ndiyo habari yenye thamani kuliko zote ulizoandika. Mstari wa kwanza hupotea betri ikishapungukiwa na takriban asilimia 15 ya uwezo wake, na kila unaofuata huondoka na asilimia 6 hivi. Mistari mitatu ikishapotea, betri imebaki na kama asilimia 70, na asilimia 70 ya kilomita 135 ni chini kidogo ya 95. Safari yako ni 68. Kwa karatasi inatosha, lakini utakuwa ukifika nyumbani na robo ya chaji kila jioni, bila nafasi ya kupitia Athi River kumwona shangazi, na usiku ambao stima imepotea hutakwenda kazini asubuhi. Hapo bado sijahesabu kwamba betri itaendelea kuchoka katika miaka minne ya mkopo. Kwa mtu anayetoka South B kwenda mjini gari hilo ni zuri sana, tena ningemhimiza alichukue. Kwa mtu wa Kitengela silioni.

Ile ya 2019, hata ikiwa imebaki na asilimia 88, itakupa zaidi ya kilomita 200. Maana yake ni kwamba ukikosa stima usiku mmoja bado utaenda na kurudi bila wasiwasi, na hata ukikosa usiku wa pili utaendelea, ingawa kwa kuangalia geji.

Watu huuliza juu ya joto, kwa sababu betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza na hutegemea hewa tu. Mnamo 2012 wenye Leaf huko Arizona, Marekani, walilalamika kwamba mistari ilikuwa inapotea mapema mno kwa sababu ya jua la jangwani. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na baridi yake ya Julai mnaifahamu, hivyo betri hapa huishi vizuri kuliko kule. Kwa gari lililokwisha kutumika nchini, uliza limeishi wapi, maana lililolala miaka Mombasa si sawa na lililolala Limuru.

Usinunue lolote kati ya hayo mawili kabla ya kusoma betri kwa programu ya LeafSpy. Utahitaji kifaa kidogo cha OBD2 kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu kwa Bluetooth. Programu itakuonyesha asilimia ya afya ya betri, tofauti ya volti kati ya seli na seli, na idadi ya mara ambazo gari limechajiwa kwa chaja za kasi. Angalia hasa tofauti za seli gari likiwa limebakiwa na chaji kidogo, kwa kuwa seli dhaifu hujificha betri ikiwa imejaa. Jihadhari pia na mchezo unaojulikana wa kufuta kumbukumbu za kompyuta ya betri ili mistari yote 12 irudi kwa muda. Dawa yake ni kulichaji gari hadi lijae, kuliendesha mwendo wa kawaida kilomita 40 au 50, kisha kulinganisha asilimia iliyotumika na kilomita ulizosafiri. Mwenye gari akikataa jaribio hilo, mshukuru kwa muda wake na uende zako.

Kuhusu foleni, usiogope. Gari la umeme lililosimama Bellevue halichomi kitu isipokuwa redio na kiyoyozi. Kinachokula betri ni mwendo wa kasi, kwa hiyo Expressway kwa kilomita 80 kwa saa itakugharimu umeme zaidi kuliko msongamano wa chini yake.

Fundi wa Umeme, Kahawa West

Mama Pendo amemaliza habari za betri, nami nitasema juu ya ukuta, kwa sababu wateja wengi hunipigia simu gari likiwa tayari limefika na hawana pa kulichomeka.

Kwanza hesabu. Kilowati-saa moja ndiyo ile ile uniti moja unayonunua kwa tokeni. Leaf ya 40, ukihesabu na kinachopotea wakati wa kuchaji, hula takriban uniti 18 hadi 19 kwa kilomita 100, kwa hiyo kilomita zako 68 ni kama uniti 13. Kitengela iko chini kidogo kuliko Upper Hill, lakini kuipandisha gari ya tani moja na nusu mita mia mbili hivi ni takriban uniti moja tu, na sehemu yake hurudi jioni ukishuka kwa kuwa mota hugeuka jenereta. Mtumiaji wa nyumbani anayezidi uniti 100 kwa mwezi huingia katika kiwango cha juu, na tozo na kodi zikiongezwa uniti moja humfikia kwa karibu shilingi 30. Hiyo ni shilingi 390 kwa siku. Petroli tuichukue kuwa shilingi 180 kwa lita: gari lako la sasa linakunywa lita 5.7, yaani shilingi 1,020. Kwa siku 22 za kazi, tofauti ni takriban shilingi 13,800 kwa mwezi, kabla ya kuhesabu oili ya injini na filta ambazo hutanunua tena. Kuna pia tarifa maalumu ya magari ya umeme iliyoidhinishwa na EPRA, mamlaka ya nishati, mwaka 2023, ambayo ni nafuu zaidi, hasa usiku, lakini inahitaji mita yake pekee. Ukiwa mpangaji, hilo ni jambo la kuzungumza na mwenye nyumba.

Sasa soketi. Kebo ya kuchaji ya amperi 10 kwenye soketi ya kawaida ya pini tatu hutoa takriban kilowati 2.3, hivyo uniti 13 huingia kwa muda unaokaribia saa sita. Ukirudi saa mbili usiku na kuliwekea saa lianze kuchaji saa nne, watu wakishamaliza kupika na kuoga, alfajiri litakuwa tayari. Huhitaji chaja ya ukutani ya gharama kubwa. Unachohitaji ni laini yako mwenyewe kutoka kwenye bodi hadi egesho: waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, au 6 ikiwa umbali ni mrefu, swichi yake ya kukata, kifaa cha RCD cha kukata umeme unapovuja, na ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, iliyo ya kweli. Nasema ya kweli kwa kuwa katika ploti nyingi ninazoingia ile waya ya kijani na njano imefungwa vizuri kwenye soketi lakini upande wa pili haijafika ardhini. Kebo nzuri ya kuchaji hupima ethi na hukataa kufanya kazi ikiikosa. Watu humlaumu aliyewauzia kebo, kumbe imewaokoa.

Waya wa kuteremsha kutoka dirisha la ghorofa ya tatu kwa ekstensheni iliyozungushwa kwenye kibiringo ni hatari, kwa maana amperi 10 zinazopita kwa saa sita mfululizo hupasha moto kila kiungo kilicholegea, na ekstensheni iliyokunjwa haina pa kutolea joto hilo. Plagi zilizoyeyuka nimezitoa ukutani kwa koleo. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA na udai akuonyeshe.

Mzee wa Ngong

Vijana wangu, naheshimu hesabu zenu, lakini mnamhesabia mtu mwenye mkopo na asiye na nyumba yake. Akihama kesho akaenda ploti nyingine, ile laini ya waya itabaki kwa mwenye nyumba, na gari litakwenda kuombaomba umeme. Tuliona pia Nopea Ride, zile teksi za Leaf zilizoanza hapa mwaka 2018: huduma ilisimama mwaka 2022 kampuni mama ya Finland ilipofilisika. Mimi ningechukua haibridi ndogo, kama Nissan Note e-Power, nichomeke nikipata nafasi na nitie petroli nikikosa. Soko la kuiuza baadaye pia ni pana kuliko la gari ambalo kila mnunuzi analiogopa.

Mama Pendo, Ruiru

Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu kuhama na kuhusu soko la kuuza nakubaliana nawe kabisa, na soko hilo dogo ndilo linaloshusha bei kwa anayenunua leo. Lakini Note e-Power haichomekwi popote. Ina injini ya petroli inayozalisha umeme wa kuendeshea mota, na haina tundu la kuchajia hata moja. Neno hilo la e-Power limewachanganya wengi kwenye yadi za Ngong Road, na baadhi ya wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha. Anayetaka kuchomeka na kutia petroli pia atafute Mitsubishi Outlander PHEV, ambayo ni gari kubwa na bei yake ni nyingine.

Nopea nayo ilianguka kwa mtaji, si kwa magari. Leaf zake zilikuwa zikizunguka mji huu mchana na usiku, kazi nzito kuliko ya mtu yeyote anayekwenda ofisini.

Wakala wa Forodha

Niongeze machache ya upande wa kuagiza. Kenya hairuhusu gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8 tangu mwaka wa kusajiliwa kwa mara ya kwanza, maana yake ni kwamba kwa mwaka 2026 yanayoingia ni ya 2019 na kuendelea. Hiyo Leaf yako ya pili iko mpakani kabisa, na hati ya usajili ya Japani ndiyo inayohesabiwa, si mwaka wa modeli ulio kwenye tangazo. Ikichelewa ikavuka mwaka, haitaingia. Omba nakala ya hati hiyo kabla ya kutuma hata senti, pamoja na karatasi ya mnada, na picha ya dashibodi ikiwa imewashwa ili uhesabu mistari mwenyewe. Muuzaji anayetuma picha thelathini za viti na rimu lakini hakuna hata moja ya geji ana sababu yake.

Kodi haikokotolewi kwa bei uliyonunulia. KRA hutumia orodha yake ya bei za magari mapya, CRSP, kisha hupunguza uchakavu kulingana na umri, kwa hiyo kulipata gari kwa bei ya kutupa huko Japani hakukupunguzii ushuru. Faida yenu watu wa umeme ni kwamba Sheria ya Fedha ya 2019 ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee kutoka asilimia 20 hadi 10.

Leaf ya Japani ina matundu mawili mbele: la kuchajia taratibu, aina ya Type 1, na la kasi, CHAdeMO. Magari ya Ulaya na mengi mapya ya Kichina yana matundu mengine, kwa hiyo usije ukafunga safari ya Nakuru kwa kutegemea kituo kabla ya kuuliza kama kina CHAdeMO. Kebo inayokuja na gari ina plagi ya Kijapani. Nunua nyingine yenye mwisho wa Type 1 na plagi yetu ya pini tatu. Menyu zitakuwa za Kijapani, na redio haitashika stesheni nyingi za hapa kwa sababu masafa yao huanzia chini ya yetu. Hayo ni madogo. Lisilo dogo ni sakafu: betri iko chini ya gari, nayo matuta yetu hayana huruma, kwa hiyo lipandishe juu na utazame kama bamba la chini limekwaruzwa au limebonyea.

Mpangaji wa Kitengela

Nawashukuru nyote, na Mzee wa Ngong nimekusikia. Hiyo ya 2014 nimeiacha. Nimezungumza na mwenye nyumba, naye hakukataa, ila ana hofu mbili: kwamba nitatumia umeme wa taa za ngazi ambao yeye hulipia, na kwamba wapangaji wengine watalalamika stima ikikatika. Mita yangu iko kwenye chumba cha mita cha chini, karibu na lango. Je, laini inaweza kutoka moja kwa moja kwenye tokeni zangu bila kupanda ghorofani? Na kama gari likifika, kuna kitu cha kubadilisha mara moja?

Fundi wa Umeme, Kahawa West

Ikiwa mita yako iko chini, kazi imekuwa rahisi. Laini itatoka kwenye mita yako, ipite kwenye swichi yake na RCD, iende egeshoni ndani ya paipu, na iishie kwenye soketi ya nje yenye kifuniko na kufuli. Kila uniti itatoka kwenye tokeni zako, na mwenye nyumba anaweza kusimama hapo ajionee mwenyewe kwamba taa za ngazi hazihusiki. Kuhusu hofu ya pili, kilowati 2.3 ni chini ya nusu ya kinachotumiwa na bafu moja la maji moto la papo hapo, na wewe utakuwa ukichaji wakati hayo yote yamezimwa. Mwambie hivyo, kisha mwandikiane karatasi fupi inayosema nani alilipia waya na kwamba soketi ni yako ukihama. Waya wenyewe uache.

Gari likifika, badilisha betri ndogo ya volti 12 ikiwa ni ya zamani. Hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta, na ikidhoofika Leaf huwasha taa za hitilafu za kila rangi na kukataa kuondoka hata betri kubwa ikiwa imejaa. Kabla ya kununua waya, pima kwa futi kamba umbali kutoka mita hadi egeshoni ukifuata ukuta, si kukatiza uwanja, kisha nitumie urefu huo na picha ya chumba cha mita mlango ukiwa wazi.